Malik Ambar, Jemadari wa Deccan

Watajwapo mashujaa wa vita waliotoka Afrika, majina yanayotujia kwanza ni ya wale waliopigana na kufa katika ardhi ya baba zao. Haki yao hakuna awezaye kuwanyima. Lakini wako wengine waliong'olewa kwao wangali watoto, wakavushwa bahari kama bidhaa, na huko ugenini wakainuka kwa akili na ushupavu wao hata wafalme wakawahofu. Miongoni mwao hakuna, kwa maoni yetu, aliyemzidi Malik Ambar, Mhabeshi aliyeongoza majeshi ya Deccan katika Bara Hindi kwa muda wa robo karne na zaidi. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1626, akiwa mzee wa miaka karibu themanini, angali amevaa upanga, na nchi aliyoilinda ingali haijatiwa mikononi mwa adui.

Vijana wetu husoma shuleni habari za majemadari wa Ulaya, na si vibaya wazisome. Ni vyema vilevile wakijua kwamba dola ya Mughal, ambayo katika siku zake ilikuwa miongoni mwa dola tajiri kuliko zote duniani, ilizuiwa kushuka kusini na mtu aliyekuwa ameuzwa sokoni. Jambo hilo halikutokea kwa bahati wala kwa muujiza. Lilitokea kwa sababu mtu huyo aliijua kazi ya uaskari, na aliielewa siri moja ambayo majemadari wengi hawaielewi mpaka wamekwisha kushindwa: kwamba jeshi huishi kwa tumbo la mkulima, na mkulima akichoka, ngome huanguka yenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1548 katika nchi ya Uhabeshi, ambayo leo yaitwa Ethiopia. Jina lake la utotoni, kwa mujibu wa mapokezi, lilikuwa Chapu. Aliuzwa utumwani angali mdogo, akavushwa Bahari ya Shamu mpaka bandari ya Mocha katika Yemen, kisha akapitia mikono ya mabwana mbalimbali hata akafika Baghdad. Huko alimpata bwana mfanyabiashara, Mir Qasim, aliyeona kwamba kijana huyu ana akili nyepesi. Akamsomesha, akasilimishwa, akapewa jina la Ambar. Baadaye akachukuliwa kwenda Bara Hindi, kwenye uwanda wa juu wa Deccan, na huko akauzwa tena.

Ili tuelewe yaliyofuata, yafaa tueleze hali ya nchi ile. Deccan ilikuwa imegawanyika katika milki za masultani, na zenye nguvu zaidi zilikuwa Ahmadnagar, Bijapur na Golconda. Masultani hao walipenda kununua Wahabeshi wawe askari wao, kwa kuwa mgeni asiye na ukoo wala shamba katika nchi humtegemea bwana wake peke yake, na kwa hiyo husadikiwa kuliko mwenyeji mwenye ndugu mia. Mtumwa wa aina hiyo hakufungiwa jembe. Alipewa farasi na mkuki, akapanda cheo kwa kadiri ya ustadi wake, na mara nyingi bwana wake alipofariki aliachwa huru. Aliyemnunua Ambar, Chengiz Khan, waziri mkuu wa Ahmadnagar, alikuwa yeye mwenyewe Mhabeshi aliyepita njia hiyohiyo, na katika nyumba yake walikuwamo Wahabeshi wapatao elfu moja. Nyumba ile ikawa chuo cha Ambar. Hapo alijifunza jinsi jeshi linavyopangwa, jinsi kodi inavyokusanywa, na jinsi fitina za baraza la mfalme zinavyozaliwa na kuua.

Chengiz Khan alifariki katikati ya miaka ya 1570, na Ambar akapata uhuru wake. Kwa miaka ishirini hivi alikuwa askari wa kukodiwa, akitumikia huku na huko. Huko Bijapur alionekana hodari, akapewa heshima ya kuitwa Malik. Miaka hiyo haina sifa kubwa katika vitabu, nasi hatutakaa nayo. Lakini tusiidharau. Ndiyo iliyomfundisha kila bonde na kila mlima wa nchi ile, na ndiyo iliyomkutanisha na askari wa kila kabila. Aliporudi Ahmadnagar mwaka 1595 alikuwa mtu wa makamo, na wapanda farasi aliowaongoza walikuwa 150 tu.

Mwaka huohuo majeshi ya Mughal yalishuka kutoka kaskazini. Mji wa Ahmadnagar ulilindwa na mwanamke shujaa, Chand Bibi, aliyesimama ukutani pamoja na askari wake hata adui akalazimika kufanya suluhu. Lakini walirudi. Mwaka 1600 Chand Bibi aliuawa na watu wa upande wake mwenyewe kwa fitina, ngome ikatekwa, na sultani, aliyekuwa bado mtoto, akachukuliwa kifungoni katika ngome ya Gwalior. Kwa hesabu ya kawaida milki ya Ahmadnagar ilikuwa imekwisha.

Ambar hakuhesabu hivyo. Aliona kwamba Wamughal wameteka mji na ngome, lakini hawajateka mashamba, vijia vya milimani wala nyoyo za watu. Akaanza kukusanya askari waliotawanyika. Wale 150 wakawa 3,000, kisha 7,000. Akamtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamwoza binti yake, akamketisha kwenye kiti cha enzi kwa jina la Murtaza wa Pili. Yeye mwenyewe akabaki waziri na amiri wa jeshi. Angeweza kujitangaza mfalme, maana mkuki wote ulikuwa mkononi mwake. Lakini alijua kwamba wenyeji wa Deccan wangemfuata mgeni anayelinda kiti cha mfalme wao, wala wasingemfuata mgeni aliyekikalia. Kuijua mipaka yako ni nusu ya uongozi.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwaka 1602, karibu na Nanded, alipambana na jeshi la Mughal uso kwa uso, akajeruhiwa vibaya, na lau si askari wake waliomzunguka na kumtoa uwanjani, maisha yake yangeishia hapo. Tukio hilo latuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba askari wake walimpenda, maana askari wa mshahara hamwokoi bwana aliyeanguka, humkimbia. La pili, kwamba alijifunza. Tangu hapo vita vyake vikubwa vilichukua sura nyingine.

Jeshi la Mughal lilikuwa kama mji unaotembea. Lilikuwa na mizinga mizito ya kukokotwa na ng'ombe, tembo, mahema ya makamanda na watumishi wao, na maelfu ya farasi waliohitaji majani na maji kila siku. Katika nyanda pana za kaskazini hakuna aliyeweza kusimama mbele yake. Deccan ni nchi ya majabali, makorongo na ngome zilizojengwa juu ya vilele. Ambar aliwachukua wapanda farasi wa Kimarathi, wenyeji wa milima hiyo, waliobeba chakula kidogo na kwenda mbio, akawaunganisha na Wahabeshi wake. Hakumngojea adui kwenye uwanda wazi. Alimwacha aingie ndani, mbali na maghala yake, kisha akazikata njia za nafaka, akateketeza malisho, akashambulia kambi usiku na kutoweka kabla ya mapambazuko. Adui alipogeuka kurudi, akamwandama nyuma mpaka mpakani.

Mfalme Jahangir, aliyeshika enzi ya Mughal mwaka 1605, alituma jemadari mmoja baada ya mwingine. Walirudi wakilaumiana. Kufikia mwaka 1610 Ambar alikuwa ameikomboa ngome ya Ahmadnagar yenyewe, na Mwingereza mmoja mfanyabiashara, William Finch, aliandika kwamba alisikia jeshi la Ambar lina Wahabeshi 10,000 na wenyeji wa Deccan 40,000. Hesabu hiyo yastahili kutafakariwa. Wanne katika kila watano hawakuwa wa asili yake, wala wengi wao hawakuwa wa dini yake. Waliomfuata Mhabeshi huyu Mwislamu walikuwa Wamarathi wa dini ya Kihindu, miongoni mwao wazee wa ukoo wa Bhonsle, ambao baadaye ulimzaa Shivaji, mwanzilishi wa dola ya Wamarathi. Na namna ile ya vita aliyoikomaza Ambar ndiyo Wamarathi walioitumia baadaye kuichosha dola ya Mughal hata ikalegea.

Tusimpambe kwa uongo. Alishindwa, na zaidi ya mara moja. Mwaka 1616 baadhi ya wakuu wa Kimarathi walimwacha wakaenda upande wa adui, jeshi lake likavunjwa huko Roshangaon, na mji wake ukatekwa na kuharibiwa. Mwaka uliofuata mwana wa mfalme alishuka na jeshi kubwa. Ambar akatoa ngome ya Ahmadnagar na kukubali masharti, na mwana huyo akarudi kwa baba yake akatunukiwa jina la Shah Jahan. Mwaka 1620 Ambar aliinuka tena. Mwaka 1621 Shah Jahan alirudi, akauharibu tena mji wa Ambar, na mzee akakubali kulipa fedha. Mtu mwenye majivuno angeliona aibu ya masharti hayo kuwa kubwa kuliko kifo. Ambar aliona kwamba mji huweza kujengwa upya, lakini jeshi likifa lote uwanjani kwa ajili ya jina la jemadari wake, hakuna wa kulijenga tena. Kila alipoanguka alirudi milimani na watu wake, akangoja wakati wake.

Wakati huo ulifika mwaka 1624. Bijapur, jirani yake, ilikuwa imejiunga na Mughal, na majeshi ya nchi mbili yalimwelekea kwa pamoja. Ambar alikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi, umri ambao wengi wetu huketi barazani kusimulia ya zamani. Akajirudisha nyuma hadi Bhatvadi, karibu na Ahmadnagar, mahali palipokuwa na ziwa kubwa lililozuiwa na boma. Akalibomoa boma hilo. Maji yakaufunika uwanda, udongo ukawa tope, mizinga na magari ya adui yakazama humo. Nafaka ikawapungukia maadui, wapanda farasi wa Ambar wakawanyima usingizi kila usiku, na askari wao wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda upande wake. Alipoona wamelegea vya kutosha, akawashambulia na kuwavunja. Shahji Bhonsle, baba wa Shivaji, alipigana siku hiyo chini ya amri ya Ambar. Baada ya ushindi huo mzee huyu aliuzingira mji wa Bijapur wenyewe.

Na dunia ina maajabu yake. Shah Jahan, aliyeuharibu mji wa Ambar mwaka 1621, aligombana na baba yake akaasi, akafukuzwa toka jimbo hata jimbo, na mwishowe akarudi Deccan kuomba msaada kwa yuleyule aliyekuwa amemtoza fedha. Ambar alimpokea, akamsaidia. Hatusemi kwamba alifanya hivyo kwa huruma tu, maana ugomvi katika nyumba ya adui ulikuwa faida kwake. Lakini kiongozi anayeweza kuweka kinyongo pembeni kwa maslahi ya nchi yake hapatikani kila siku.

Tumekwisha kusema kwamba alimfahamu mkulima. Hapa ndipo sifa yake inapokuwa kubwa kuliko ya mashujaa wengi wa upanga. Kabla yake kodi ya mashamba iliuzwa kwa mawakala, ambao walilipa serikali kiasi fulani kisha wakamkamua mwanakijiji kadiri walivyotaka. Ambar aliondoa mtindo huo. Akaamuru mashamba yapimwe na kupangwa kwa kadiri ya rutuba yake, na kodi itozwe kufuatana na mavuno yenyewe. Kazi ya hesabu hizo akawakabidhi Wabrahmani waliojua kalamu, bila kuuliza dini yao. Mkulima aliyejua mapema atalipa nini alilima zaidi, na nchi iliyopigana karibu kila mwaka iliendelea kula. Hiyo ndiyo hazina iliyomlipa askari wa Ambar.

Mwaka 1610 aliasisi mji wa Khadki, usio mbali na ngome ya Daulatabad. Akajenga misikiti na majumba, na mwaka 1612 akasimamisha lango kubwa la Bhadkal kuwa ukumbusho wa ushindi wake dhidi ya Mughal. Lakini jengo lake kuu halionekani kwa macho, kwa sababu liko chini ya ardhi. Aliamuru mifereji ya mawe ichimbwe kutoka mabonde yaliyo kaskazini ya mji, ikachukua maji kwa mteremko peke yake, bila mashine wala mnyama wa kuyavuta, mpaka kwenye visima na mabirika ya wenyeji. Mifereji hiyo iliunywesha mji kwa karne nyingi baada ya mjenzi wake kuzikwa. Mji wenyewe baadaye uliitwa Aurangabad kwa jina la mjukuu wa Jahangir, na mnamo mwaka 2023 serikali ya huko iliubadilisha jina tena ukawa Chhatrapati Sambhajinagar. Majina hupita, na maji yaliendelea kutiririka.

Hata hivyo mtu mkubwa hukadiriwa kwa mizani kamili. Inasimuliwa kwamba mke mwingine wa Sultani Murtaza alimtukana binti wa Ambar kuwa ni mtoto wa mtumwa, na kwamba ugomvi uliotokana na maneno hayo uliishia kwa sultani na mkewe huyo kutiliwa sumu kwa amri ya Ambar, kisha mtoto mdogo akawekwa kwenye kiti. Damu hiyo haioshwi na ushindi wa Bhatvadi. Vilevile yeye aliyeuzwa mara kadhaa aliwanunua Wahabeshi kwa maelfu kuwa askari wake. Alikuwa mtu wa zama zake, na zama zake zilimwona mtumwa mwenye mkuki kuwa jambo la kawaida. Twaweza kuuelewa mwenendo huo bila kuusifu.

Kuna kasoro ya tatu, na kwa nchi yake ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Kila kitu kilimtegemea yeye. Alipofariki, madaraka yalishikwa na mwanawe Fateh Khan, ambaye alikosa busara na subira ya baba yake. Wakuu wakagawanyika, sultani akauawa, na mwaka 1633 Daulatabad ikaangukia mikononi mwa Shah Jahan, sasa akiwa mfalme. Miaka saba ilitosha kubomoa kilichojengwa kwa miaka ishirini na sita. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1636, milki ya Ahmadnagar ikafutwa kabisa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jahangir hakuwahi kumwona Ambar kwa macho. Katika kumbukumbu zake alimtaja kwa matusi juu ya rangi yake, na mnamo mwaka 1616 mchoraji wake, Abu'l Hasan, alimchora mfalme akikifumia mshale kichwa cha Ambar kilichochomekwa juu ya mkuki. Picha hiyo ingali inatunzwa katika jiji la Dublin. Ni picha ya jambo ambalo halikutokea kamwe, na kwa hiyo ni sifa kubwa kuliko mchoraji alivyokusudia, maana hakuna mfalme anayeota kumwua mtu asiyemkosesha usingizi. Lakini mwandishi wa habari za Mughal, Mu'tamad Khan, alipopata taarifa ya kifo cha adui yao, aliandika kwamba katika vita, katika kuamrisha na katika kuhukumu, mtu huyo hakuwa na mfano, na kwamba historia haikujua Mhabeshi mwingine aliyeinuliwa hadi daraja ile. Ushahidi wa rafiki tunausikia kila siku. Ushahidi wa adui ndio unaofaa kuandikwa.

Malik Ambar alizikwa Khuldabad, mji mdogo wenye makaburi ya mawalii. Katika mji huohuo alizikwa mwaka 1707 mfalme Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, aliyetumia zaidi ya miaka ishirini ya mwisho wa maisha yake akipigana katika milima ileile na Wamarathi, wajukuu wa askari wa Ambar. Na katika Gujarat na Karnataka wangali wako watu waitwao Masidi, wenye asili ya Afrika, baadhi yao wazee wao wakiwa wametoka mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki. Wale wa Gujarat wana mchezo wao waitao goma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo.

Twapenda sana kuwapa wakongwe wa vita nishani na magwaride, na ni haki yao. Lakini maisha ya Malik Ambar yatutaka tuulize zaidi ya idadi ya vita alivyoshinda askari. Je, aliwaongoza watu wasio wa kabila lake wakamwamini? Je, nyuma ya jeshi lake mkulima alivuna au alilia? Je, alipoondoka aliacha watu wa kuiendesha kazi, au aliacha pengo? Kwa maswali mawili ya kwanza mzee wa Deccan anajibu vizuri kuliko majemadari wengi waliosimamishiwa sanamu. Kwa swali la tatu alishindwa, na nchi yake ililipa. Anayemheshimu kweli atayachukua yote matatu, kwani kumsifu shujaa kwa yale aliyoyaweza na kufumba macho kwa yale yaliyomshinda ni kumpotezea somo lake.